Kamera Inayoona na King'ora Kinachoita: Namna ya Kuunganisha Tahadhari katika Majengo ya Huduma za Kata

Kamera za ulinzi zimekuwa jambo la kawaida katika vituo vya afya, shule, masoko na maghala ya vyama vya ushirika. Hununuliwa kwa matumaini makubwa, lakini aghalabu kazi yake huishia kuwa moja: kuhifadhi picha ya jambo lililokwisha kutokea. Asubuhi betri za sola hazipo, kufuli la stoo ya dawa limekatwa, na wajumbe wa kamati wamekusanyika mbele ya skrini kumtazama mtu aliyejifunika uso akipita saa tisa usiku. Picha ni safi, mali imekwenda.

Upungufu huo si wa kamera. Nyuma ya kamera nyingi zinazouzwa kwa ajili ya taasisi, na nyuma ya vinasa picha vingi vya ukubwa wa kati, ziko terminali ndogo za kuunganishia nyaya ambazo fundi huziacha tupu kwa sababu hakuna aliyemwagiza azitumie. Baadhi zimeandikwa ALARM IN, nyingine ALARM OUT. Ya kwanza ni ingizo la tahadhari: hupokea habari kutoka kwenye mlango, kitufe au kihisi. Ya pili ni rilei: swichi ndogo ambayo kamera yenyewe huifunga au kuifungua ili kuwasha taa au king'ora. Zikiunganishwa vyema, kamera huacha kuwa shahidi wa kesho na kuwa mlinzi wa usiku uleule. Zikiunganishwa vibaya ni hatari zaidi kuliko kutokuwapo, kwa kuwa watu hulala wakiamini kwamba wanalindwa.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo kwa kiwango ambacho mjumbe wa kamati ya kituo cha afya, bodi ya shule au chama cha ushirika anakihitaji. Fundi ndiye atakayeshika bisibisi, lakini kamati ndiyo itakayoipokea kazi na kutia saini.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba ingizo la tahadhari halina akili. Kamera huweka volti ndogo kwenye terminali yake, kisha hutazama jambo moja tu: je, terminali hiyo imeungana na waya wa ardhi au haikuungana? Haijui kama kinachoziunganisha ni mlango wa stoo, kitufe chini ya meza ya muuguzi au boya ndani ya tangi la maji. Ni binadamu anayempangia maana, kwa kumweleza kifaa hali ipi ni ya kawaida na ipi ni ya hatari.

Hapo ndipo herufi NO na NC zinapoingia, na ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Msomaji wa haraka huiona NO na kuidhania kuwa ni neno la kukataa. Maana yake ni tofauti kabisa. NO ni sakiti ambayo katika hali ya kawaida imekatika, na hatari huonekana inapoungana. NC ni sakiti ambayo katika hali ya kawaida imeungana, na hatari huonekana inapokatika. Katika ukurasa wa mipangilio ya kamera, uchaguzi huu ni mstari mmoja tu wenye majibu mawili, na fundi aliyechoka huubofya bila kuufikiria. Lakini mstari huo ndio unaoamua kitu gani kitatokea siku mwizi atakapokata waya.

Tuseme mlango wa stoo ya dawa umefungiwa swichi ya sumaku: sumaku juu ya ubao wa mlango, swichi kwenye fremu. Kwa swichi za aina iliyozoeleka kwa milango, mlango ukiwa umefungwa sumaku huishikilia swichi na sakiti huungana. Mlango ukifunguliwa, sumaku husogea na sakiti hukatika. Ingizo likipangwa kuwa NC, kufunguliwa kwa mlango kutaleta tahadhari. Waya ukikatwa kwa koleo, ukitafunwa na panya au ukichomoka kwenye terminali, sakiti hukatika vilevile na tahadhari huletwa vilevile. Kila kasoro ya waya hupiga kelele.

Sasa mfumo huo uwe wa NO, yaani swichi ya aina nyingine inayounganisha sakiti pale mlango unapofunguliwa. Siku ya majaribio utafanya kazi vizuri kabisa: fundi atafungua mlango, king'ora kitalia, kamati itapiga makofi. Miezi mitatu baadaye panya wa dari watakata waya. Tangu siku hiyo sakiti itabaki imekatika, na kwa kuwa hali ya kukatika ndiyo iliyotajwa kuwa ya kawaida, kamera itaendelea kuonyesha kwamba mambo ni shwari. Hakuna atakayejua. Mlango utafunguliwa usiku, na mfumo utanyamaza.

Kwa sababu hiyo, milango na madirisha ya majengo ya umma ifungiwe kwa NC isipokuwa pawepo sababu nzito ya kufanya vinginevyo. Milango kadhaa inaweza kutumia ingizo moja kwa kuzifuatanisha swichi zake kwenye waya mmoja, moja baada ya nyingine, hivi kwamba yoyote ikikatika sakiti nzima inakatika. Kasoro ya njia hii ni kwamba kamera haitasema ni mlango upi. Pale penye maingizo ya kutosha, stoo ya dawa ipewe lake peke yake. Fundi pia asitegemee maandishi ya kwenye boksi la swichi. Watengenezaji hawakubaliani: wengine huitaja hali ya swichi ikiwa karibu na sumaku, wengine ikiwa mbali nayo. Mita ya umeme huumaliza ubishi huo kwa nusu dakika.

NC nayo ina mlango wa nyuma. Mwizi anayeelewa umeme anaweza kuzimenya nyaya mbili na kuzisokota pamoja kabla ya kuufungua mlango. Sakiti itabaki imeungana na kamera haitaona lolote. Baadhi ya kamera zina maingizo yanayosimamiwa, ambapo rizista ndogo hufungwa mwishoni mwa waya, pale penye swichi, na kamera hupima ukinzani badala ya kutazama tu kuungana na kukatika. Waya ukikatwa ukinzani hupanda mno. Ukisokotwa hushuka karibu na sifuri. Hali zote mbili huleta tahadhari. Uwezo huo haupo katika kamera nyingi za bei ya chini. Pasipokuwapo, ulinzi uliobaki ni wa kiseremala: waya upite ndani ya bomba, ndani ya chumba, upande ambao mwizi hawezi kuufikia kabla ya kuwa ameshafungua mlango.

Huenda mtu akauliza kwa nini pawe na swichi ya mlango hali kamera yenyewe ina uwezo wa kutambua mwendo ndani ya picha. Jibu liko kwenye wadudu. Taa za infraredi zinazoisaidia kamera kuona gizani huwamulika nondo na mbu, na buibui hupenda kutanda utando mbele ya kioo chenye joto. Kila mdudu anayepita karibu na kioo huonekana mkubwa kama mtu. Popo, paka na matawi yanayoyumba huongeza idadi ya tahadhari za uongo. Mlinzi anayeamshwa mara nane kwa sababu ya nondo atakizima king'ora mara ya tisa, na hakuna haki ya kumlaumu. Swichi ya mlango haidanganywi na nondo. Kutambua mwendo kutumike kuanzisha kurekodi, na king'ora kiachiwe mlango na kitufe.

Kitufe cha dharura kinastahili kutajwa peke yake. Katika kituo cha afya, anayebaki usiku mara nyingi ni muuguzi mmoja katika wodi ya wazazi pamoja na mlinzi langoni. Kitufe kilichofichwa chini ya meza, kilichounganishwa na ingizo la kamera ya korido, kinaweza kuwasha taa kwenye kibanda cha mlinzi bila aliyeingia kwa nia mbaya kujua kwamba mtu ameitwa. Ingizo la kitufe hicho halina ratiba: lifanye kazi saa 24, siku zote.

Maingizo mengine huhitaji ratiba, na ratiba ina mtego wa hapa kwetu. Mlango wa ofisi ya mapokezi hauwezi kulia mchana kutwa. Basi kifaa huambiwa kiwe macho kuanzia saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi. Kifaa, hata hivyo, hakihesabu saa kwa Kiswahili. Saa mbili usiku kwake ni 20:00, na saa moja asubuhi ni 07:00. Aliyeandika 02:00 ameuacha mlango bila ulinzi kwa saa sita za kwanza za usiku. Tena vifaa vingi hupanga ratiba siku kwa siku, kuanzia 00:00 hadi 24:00, kwa hiyo usiku mmoja huandikwa kwa vipande viwili: 20:00 hadi 24:00, kisha 00:00 hadi 07:00. Saa yenyewe ya kifaa ikaguliwe pia. Vifaa vingi vilivyotengenezwa China huja vimepangwa kwa saa za huko, GMT+8, ilhali Tanzania iko GMT+3. Tofauti hiyo ya saa tano huvuruga ratiba, na huharibu pia thamani ya picha mbele ya polisi au mahakama, kwa kuwa muda ulioandikwa juu yake haulingani na muda wa tukio.

Ingizo halikuumbwa kwa ajili ya wezi peke yao. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Umeme ukikatika Ijumaa jioni, au jokofu likiharibika kimyakimya, chanjo zinaweza kupoteza nguvu bila kubadilika rangi wala harufu, na mtoto akachomwa sindano isiyomkinga. Kipimajoto chenye rilei yake kinaweza kuunganishwa na ingizo la kinasa picha, ili joto likitoka nje ya mipaka taarifa iende kwenye simu ya mganga mfawidhi na taa iwake kwa mlinzi. Mpango huu hauondoi wajibu wa mhudumu kusoma na kuandika joto la jokofu mara mbili kwa siku; unaziba mwanya wa saa ambazo hakuna anayesoma. Kwa njia hiyohiyo boya la tangi la maji linaweza kutoa taarifa kwamba kina kimeshuka, kabla wodi haijakosa maji.

Upande wa pili ni rilei, na hapa hatari hubadilika sura, maana sasa ni umeme wenye nguvu unaozungumziwa. Rilei iliyo ndani ya kamera ni ndogo mno. Nyingi hubeba umeme wa volti 12 au 24 na mkondo usiozidi ampea 1, na nyingine hubeba sehemu ya kumi tu ya ampea. Umeme wa ukutani ni volti 230. Fundi atakayeunganisha taa kubwa ya uwanja moja kwa moja kwenye terminali za kamera ataiunguza kamera, na huenda akaacha volti 230 kwenye waya ambao mtu mwingine ataushika akidhani ni wa kamera tu. Jambo hili halina mjadala. Kamera iendeshe rilei ya kati yenye koili ya volti 12, na rilei hiyo, ikiwa ndani ya kisanduku chake kilichofungwa, ndiyo iwashe taa au king'ora kikubwa. Sambamba na koili hiyo ifungwe diodi, upande wenye mstari ukielekea chanya, kwa sababu koili inapoachiwa hurusha volti kali ya ghafla inayoweza kuua rilei ndogo ya kamera.

Unene wa waya nao haupaswi kupuuzwa. King'ora cha volti 12 kinachovuta ampea 1, kikiwa umbali wa mita 50 na kikitumia waya wa shaba wa milimita ya mraba 0.5, hupoteza takriban volti 3.5 njiani, kwenda na kurudi. Kinabakiwa na volti 8.5, na sauti yake hudhoofika au hukosekana kabisa. Waya wa milimita za mraba 1.5 hupoteza takriban volti 1.2 tu. Tofauti ya bei ya nyaya hizo ni ndogo ukilinganisha na king'ora kisichosikika.

Rilei huulizwa muda wa kukaa imewashwa. Kifaa mara nyingi huja kikiwa na sekunde 5 tu, muda ambao hautoshi hata kwa mlinzi kuvaa viatu. Nusu dakika hadi dakika moja kwa king'ora, na dakika tano au zaidi kwa taa, ni kipimo cha busara. Taa, kwa kweli, ina manufaa kuliko kelele katika maeneo mengi: humwonyesha mwizi kwa majirani na huipa kamera mwanga wa kunasa uso kwa rangi. Katika kituo cha afya, king'ora kielekezwe nje, kwenye lango na nyumba za watumishi, wala kisiwe juu ya wodi. Na rilei isitumike kamwe kufunga mlango wa chumba chenye watu; moto ukizuka au umeme ukikatika, mlango huo lazima ufunguke kwa mkono kutoka ndani.

Swali linalosahaulika ni nani anayetoa amri. Njia ya kwanza ni kamera yenyewe kupokea habari kwenye ingizo lake na kuwasha rilei yake. Njia ya pili ni habari kupitia kinasa picha. Njia ya tatu ni amri kupitia intaneti, kutoka kwenye programu ya simu. Ya tatu inapendeza siku ya maonyesho, lakini hufa pale mtandao unapokwisha kifurushi. King'ora kitegemee njia ya kwanza au ya pili, na simu iwe nyongeza. Pale kamera na kinasa picha vinapotoka kwa watengenezaji tofauti, picha inaweza kuonekana vizuri huku ingizo na rilei vikigoma kuwasiliana. Kiwango cha ONVIF, kilichoasisiwa mwaka 2008, kimepunguza tatizo hilo bila kulimaliza. Kamati idai kuona tahadhari ikifanya kazi, isiridhike kwa kuona picha.

Mahali pa kufungia nyaya pana uzito uleule. Kamera ya nje inaweza kung'olewa, na ikiwa nyaya za mlango na king'ora zimefungwa kwenye kamera hiyo, mfumo wote huondoka nayo. Ni salama zaidi nyaya hizo ziishie kwenye kinasa picha, ndani ya chumba chenye kufuli. Kisha huja umeme. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 7 ina takriban wati-saa 84. Kinasa picha, kamera nne na ruta vikivuta wati 40 kwa pamoja, betri hiyo hudumu saa mbili kwa hesabu ya karatasi, na chini ya hapo kwa uhalisi. Umeme ukikatika usiku kucha, betri moja ndogo haitoshi, na mwizi wa sola analijua hilo.

Upo pia upande wa haki za wanaopigwa picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihusu pia picha za watu wanaotambulika, na taasisi zinazokusanya taarifa za namna hiyo zinapaswa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Chumba cha kujifungulia na chumba cha ushauri havina sababu ya kuwa na kamera. Swichi ya mlango au kitufe hutoa ulinzi mahali hapo bila kumpiga picha mgonjwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kuyatumia maingizo ambayo leo yako matupu.

Siku ya kupokea kazi, kamati isikubali maonyesho ya kufungua mlango peke yake. Fundi aombwe kuchomoa waya mmoja wa mlango mbele ya mashahidi. King'ora kikikaa kimya, kazi haijakamilika. Aombwe kuzima umeme wa ukutani na kurudia jaribio, kuzima intaneti na kurudia, kisha kuzima mfumo mzima na kuuwasha upya, kwa kuwa vipo vifaa vinavyosahau mipangilio visipohifadhiwa ipasavyo. Nywila ya kiwandani ibadilishwe hapohapo, na mpya ihifadhiwe na mganga mfawidhi au mkuu wa shule, asibaki nayo fundi peke yake. Mchoro wa nyaya, unaoonyesha kila ingizo ni la mlango upi na kama ni NO au NC, ubandikwe ndani ya mlango wa kisanduku.

Yabaki majina ya wanaoitikia. Taarifa ya simu ielekezwe kwa watu wasiopungua watatu: mlinzi wa zamu, mkuu wa kituo na Mtendaji wa Kata au wa Kijiji, huku namba ya Polisi Kata ikiwa imeandikwa ukutani kwenye kibanda cha mlinzi. Anayehamishwa aondolewe kwenye orodha siku anapokabidhi ofisi. Mara moja kwa mwezi, katika siku inayojulikana kwa majirani, mlango ufunguliwe kwa makusudi na matokeo yaandikwe kwenye daftari pamoja na muda na jina la aliyepima. Betri nazo huchoka katika miaka michache, upesi zaidi mahali pa joto. Tarehe ya kufungwa iandikwe juu ya kila moja kwa wino usiofutika.